Eurythmics, Yazoo, Erasure au Pet Shop Boys: albamu ipi ya pili uanze nayo?

Kuna watu wameshaonja zile nyimbo za Uingereza za miaka ya 80, za sinthesaiza (vinanda vya umeme vinavyotengeneza milio) na mashine za ngoma, wamezipenda, na sasa wanataka kukaa na albamu nzima badala ya wimbo mmoja mmoja wa kwenye pleilisti. Hapo ndio wanakwama, maana zipo nyingi na ukizisikiliza juu juu zote zinafanana. Mimi ushauri wangu kwa sinthipopu, yaani popu ya sinthesaiza, ya makundi ya watu wawili ni huu: anzia albamu ya pili. Ya kwanza mara nyingi ni nyimbo zilizorundikana kabla hata hao wawili hawajajuana vizuri, ila ya pili unasikia kabisa kama wanaelewana, kama wameshachokana, kama mmoja anamvuta mwenzie. Kundi la watu wawili halina pa kujificha, hakuna mpiga gita wa tatu wa kuziba pengo.

Nimechagua nne ambazo watu huwa wanasita kati yake. Sweet Dreams (Are Made of This) ya Eurythmics ilitoka Januari 1983, You and Me Both ya Yazoo ikatoka Julai mwaka huo huo, halafu The Circus ya Erasure Machi 1987 na Actually ya Pet Shop Boys Septemba 1987. Yaani mbili za mwanzoni mwa muongo na mbili za baadaye, na katikati hapo teknolojia ilishabadilika sana.

Vigezo vyangu ni vinne: sauti ya muimbaji, mashine zinavyopangwa, maneno, na je unaweza kuisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kuruka wimbo. Chati sijaziweka kama kigezo kwa sababu hazitakusaidia kuchagua, zote nne zilifanya vizuri kwao Uingereza. Yazoo walishika namba 1, Pet Shop Boys namba 2 (mbele yao alikaa Michael Jackson na albamu yake Bad), Eurythmics 3 na Erasure 6. Kwa hiyo hapa hakuna albamu mbovu, kuna inayokufaa na isiyokufaa.

Nani ni nani

Eurythmics ni Annie Lennox wa Aberdeen kule Uskoti na Dave Stewart wa Sunderland. Walikuwa wapenzi, walikuwa bendi moja iliyoitwa The Tourists, bendi ikafa na mapenzi yakaisha lakini muziki wakaendelea nao pamoja. Albamu yao ya kwanza, In the Garden ya 1981, haikushika popote. Ya pili wakachukua mkopo benki, wakanunua vifaa, wakarekodi kwenye kistudio cha treki nane (njia nane tu za kurekodia sauti) juu ya duka la kutengeneza fremu za picha, Chalk Farm, London. Ukilijua hilo unaielewa albamu vizuri zaidi, hawa ni watu walioachana na bado wanashinda chumba kimoja, na deni juu.

Yazoo ni Vince Clarke, aliyetoka kundi la Depeche Mode baada ya albamu moja tu, na Alison Moyet, wote wa Basildon, Essex. Alison alikuwa ametangaza kwenye gazeti la muziki la Melody Maker kwamba anatafuta watu wa kupiga bluzi, akaishia na kijana wa sinthesaiza. Walikuwa hawajuani sana, na kufikia albamu ya pili walikuwa hata studio hawakai pamoja, huyu anaingia yule anatoka. Ilipofika madukani kundi lilikuwa limeshavunjika. Jalada lake ni mbwa wawili wa madoadoa wanang'atana, na hilo linatosha kama maelezo.

Erasure ni Vince huyo huyo tena. Baada ya Yazoo safari hii tangazo aliweka yeye, Melody Maker hiyo hiyo, akasikiliza waimbaji kama 40 hivi mpaka akafika kwa Andy Bell wa Peterborough, ambaye alikuwa shabiki wa Yazoo wa kufa na kupona. Albamu yao ya kwanza, Wonderland, ilipita Uingereza bila kelele. Kilichowafungulia mlango ni wimbo Sometimes mwishoni mwa 1986, ulifika namba 2, na The Circus ikaja juu ya hilo wimbi.

Pet Shop Boys ni Neil Tennant, aliyekuwa mwandishi wa jarida la Smash Hits, na Chris Lowe aliyesomea usanifu majengo. Walikutana mwaka 1981 kwenye duka la vifaa vya umeme, King's Road, London. Wao waliingia kwenye albamu ya pili wakiwa na jina na hela tayari, maana West End Girls ilishakuwa namba 1 Uingereza na Marekani, kwa hiyo waliweza kuita mtu yeyote wamtakaye, na waliwaita kweli.

Sauti

Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, na ningekuomba uchague kwa hiki kwanza. Mashine za hawa watu zinakaribiana, sauti ndio hazikaribiani hata kidogo.

Alison Moyet ana sauti nzito ya bluzi inayotoka kifuani, na uzuri wa Yazoo wote uko kwenye mgongano wa hiyo sauti ya moto na mashine ya baridi chini yake. Sikiliza Nobody's Diary, wimbo wa kwanza kwenye albamu. Aliuandika mwenyewe akiwa na miaka 16 na unauimba moyo uliovunjika bila kulialia, anakaza mpaka kiitikio ndio anaachia. Mtu ambaye kwake muziki wa mashine hauna roho, huyu ndiye wa kumsikilizisha.

Annie Lennox naye ana uwezo mkubwa lakini anautumia tofauti, kwenye hii albamu anaimba kwa ubaridi wa makusudi halafu anajirekodi juu yake mwenyewe tabaka kwa tabaka mpaka inakuwa kama kwaya ya Annie watupu. Kwenye Love Is a Stranger anapanda na kushuka kutoka sauti ya chini kabisa mpaka ile nyembamba ya juu ndani ya mstari mmoja, na hujui kama anakutongoza au anakutisha.

Andy Bell ni sauti iliyofunguka, ya juu, ya furaha hata akiimba huzuni. Watu walimlinganisha sana na Alison wakati ule na kiukweli unaelewa kwa nini, ila Andy ana kitu Alison hana kwenye You and Me Both, anasikika kama anafurahia kuwa mle studio.

Neil Tennant sio muimbaji wa kupasua anga. Sauti yake ni nyembamba, ipo karibu na kuongea, na kama wewe unapenda waimbaji wa nguvu utaona hamna kitu mwanzoni. Ila kila neno unalisikia, na kwa nyimbo zenye maneno kama ya Actually hiyo ni faida kubwa. Kisha wanakuletea Dusty Springfield kwenye What Have I Done to Deserve This?, nyota wa miaka ya 60 ambaye chati zilishamsahau, na anapoingia yeye wimbo mzima unabadilika rangi. Ulifika namba 2 Uingereza na namba 2 Marekani.

Mashine

Sweet Dreams ndiyo yenye uchache kuliko zote, walikuwa na treki nane tu, hakuna nafasi ya kujaza makorokoro. Mdundo umetoka kwenye kompyuta ya ngoma ya chapa ya Movement, kuna sinthesaiza ya besi inayozunguka, na ule mlio wa kugonga unaousikia kwenye wimbo wenyewe wa Sweet Dreams ni chupa za maziwa walizigonga. Ndio maana hadi leo haujachakaa, una vitu vichache na kila kimoja ni cha lazima. Kwingine wameweka tarumbeta, mfano kwenye The Walk, inasaidia kuleta joto kidogo.

Vince Clarke ana namna yake na utaisikia kwenye albamu zake zote mbili hapa. Hapendi kukandamiza kodi nzito (noti kadhaa kwa mpigo mmoja), anapanga mistari mmoja mmoja ya melodi ambayo inapishana, huu juu ule chini, na hapo katikati anamwachia muimbaji uwanja. Kwenye You and Me Both kuna nafasi nyingi tupu, saa nyingine unasikia kabisa kwamba muimbaji hakuwepo wakati mashine zinapangwa. Kwa wengine hilo ni kasoro. Kwangu ndio linaloifanya iume. The Circus, chini ya prodyuza Flood, imejaa zaidi, inakimbia zaidi, ni ya kuchezeka, na kwenye Sometimes kuna gita la kawaida na tarumbeta vimechomekwa mule kati ya mashine kwa ustadi sana.

Actually ni ukubwa. Kuna maprodyuza kadhaa, akina Julian Mendelsohn na Stephen Hague, kuna ngurumo, kengele, ala kama okestra. Wimbo It Couldn't Happen Here waliutunga pamoja na Ennio Morricone, yule Mtaliano wa muziki wa filamu, na okestra ikapangwa na Angelo Badalamenti. Ukitoka kwenye kistudio cha Chalk Farm ukaingia hapa unaona miaka minne imefanya nini.

Kama unasikilizia spika ya simu, Yazoo na Erasure zinavumilia vizuri tu kwa sababu melodi ziko juu. Eurythmics na Pet Shop Boys tafuta hedifoni, la sivyo besi yote inapotea na unabaki na nusu ya albamu.

Maneno

Hapa Actually ina mengi kuliko wenzake na sitaficha. Ni albamu ya Uingereza ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo. Shopping ukiusikiliza haraka unadhani ni wimbo wa watu wanaoenda madukani, kumbe unaongelea mashirika ya umma yanavyouzwa, ubinafsishaji, wakubwa wanavyogawana kilichokuwa cha wote. Rent ni mtu anayelipiwa kodi ya nyumba na mpenzi mwenye pesa, na anajiuliza haya ni mapenzi au ni biashara, wimbo wa taratibu, mtamu, unaouma taratibu pia. It's a Sin, uliokaa namba 1 mwaka 1987, Neil aliuandika akikumbuka shule ya Kikatoliki aliyosoma kule Newcastle, jinsi kila kitu alichokitaka kilivyokuwa dhambi. Mwishoni anasali sala ya kuungama kwa Kilatini, ile ya nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Aliyekulia kanisani ataitambua papo hapo hata kama Kilatini hajui.

Na kuna King's Cross, wimbo wa kufunga. King's Cross ni stesheni ya London wanakoshukia watu wa kaskazini mashariki ya Uingereza, kwao Neil, wakija mjini kutafuta maisha na mara nyingi wasiyapate. Wimbo una hofu ya UKIMWI ndani, una ukosefu wa kazi, una watu wanaosubiri kitu kisichokuja. Miezi miwili tu baada ya albamu kutoka, Novemba 1987, moto ukawaka kwenye hiyo hiyo stesheni upande wa treni za chini ya ardhi, watu 31 wakafa. Hawakuujua moto kabla, lakini tangu hapo ni vigumu kuusikiliza huo wimbo kwa masikio ya kawaida.

The Circus nayo ina siasa kuliko watu wanavyodhani, furaha ya midundo inawapoteza. Wimbo wenye jina la albamu unaongelea wafanyakazi ambao kazi za mikono yao zimechukuliwa na mambo mapya, melodi ya sarakasi inazunguka huku watu wanapoteza riziki. Hideaway ni kijana anayeamua kuwaambia wazazi wake kwamba anapenda wanaume wenzake na nyumbani panakuwa hapakaliki. Andy mwenyewe hakuwahi kujificha, na mwaka 1987 hilo lilikuwa jambo la ujasiri mkubwa kwa nyota wa popu. It Doesn't Have to Be unaongelea watu walioganda huyu upande wake na yule upande wake. Anaongea wazi zaidi kuliko Neil, hafumbi.

Yazoo ni mapenzi yaliyokwisha, karibu kila mahali. Softly Over, Mr. Blue, Ode to Boy, And On inafunga kwa majonzi. Ukitaka siasa humu hutapata kwa wingi, ukitaka kuambiwa ukweli kuhusu kuachana umefika.

Eurythmics wanafumba kuliko wote, maneno yao ni picha zaidi kuliko hadithi. Jennifer ni msichana aliye chini ya maji, basi, huambiwi alifikaje. This City Never Sleeps ni mtu yuko chumbani usiku London, anasikia majirani ukutani, na mule ndani wameweka milio ya treni za chini ya ardhi. Wimbo Sweet Dreams wenyewe ulitoka siku Annie alikuwa amekata tamaa kabisa, Dave akaona maneno yamekuwa mazito mno ndio akapendekeza kiongezwe kile kipande cha kumtia mtu moyo anyanyue kichwa. Mwaka huo huo wa 1983 ulishika namba 1 Marekani.

Mwanzo mpaka mwisho

Actually ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote, ina nyimbo kumi na inaanza kwa nguvu na One More Chance na inashuka mpaka King's Cross kama imekusudia kukuacha hapo. Hit Music na I Want to Wake Up ni za kawaida kwangu, lakini siziruki.

Sweet Dreams ina nyimbo kumi pia na haina papara. Wrap It Up, wimbo wa zamani wa waimbaji wengine wawili, Sam & Dave waliourudia, hauendani sana na wenzake, ila mazingira ya albamu, ule usiku usiku wake, hayakatiki. The Circus ina vilele vikubwa sana, Sometimes na Victim of Love ni popu safi kabisa, ila katikati inalegea kidogo na mtu asiye na subira ataruka. You and Me Both ndiyo isiyolingana kuliko zote, na Happy People ameuimba Vince mwenyewe kwa sababu Alison alikataa kuuimba, unasikia kama umeingia albamu nyingine kwa dakika chache. Pamoja na hilo mimi ndiyo ninayoirudia mara nyingi, kwa sababu ya sauti, na ninasema hivyo ujue upande wangu sio kukuamulia.

Kitu kingine kabla hujachoma bando au kununua sahani: angalia wimbo ulioupenda uko wapi. Only You na Don't Go za Yazoo ziko albamu ya kwanza, Upstairs at Eric's. West End Girls iko Please, albamu ya kwanza ya Pet Shop Boys, na Always on My Mind haimo kwenye Actually ya mwanzo. Here Comes the Rain Again ya Eurythmics iko Touch, ya tatu, iliyotoka mwishoni mwa 1983 hiyo hiyo. A Little Respect ya Erasure ni ya The Innocents, 1988. Nimeona watu wanaikataa albamu nzuri kwa sababu tu walitafuta wimbo usiokuwemo.

Ipi kwa nani

Umeachwa au umeacha juzi juzi na unataka mtu anayeelewa, chukua You and Me Both, anza na Nobody's Diary kisha Ode to Boy. Ukiona Ode to Boy haikugusi, hii albamu iache kwa sasa.

Unasikiliza usiku, peke yako, labda unaendesha gari au umezima taa, na hujali sana kufuatilia hadithi, Sweet Dreams ndiyo yako. Inawafaa pia wanaotengeneza biti nyumbani kwa vifaa vichache, kuna somo kubwa mle la kufanya kingi kwa kidogo.

Kama kuna watu nyumbani, kuna kupika, kuna kucheza, au unamtambulisha kijana ambaye hajawahi kusikia muziki huu kabisa, weka The Circus. Ndiyo rahisi kuipenda mara ya kwanza, na maneno yake yatakuja kumfikia baadaye.

Na kama wewe ni mtu wa kusikiliza maneno, wa kurudi nyuma kusikia alichosema, unapenda historia na siasa za mji mkubwa, nenda Actually, na ukiweza tafuta lile toleo la 2001 lenye sahani ya pili ya nyongeza za kipindi hicho hicho. Usiipime kwa sauti ya Neil siku ya kwanza, ipe muda.

Aliyebanwa kabisa hawezi kuchagua, achukue mbili za Vince Clarke, Yazoo kisha Erasure, azisikilize zikifuatana. Ni mtu yule yule na mipangilio ya mistari ni ile ile, akimaliza atajua kama anapenda muimbaji anayepambana na mashine au anayecheza nayo. Akipenda anayepambana aende kwa Annie, akipenda anayecheza aende kwa Neil na Chris.